Taarab na Kunga Zake

Said Ahmed Mohamed Khamis, mzaliwa wa Pemba, alisomea Leipzig, kisha akawa profesa wa fasihi huko Bayreuth, Ujerumani. Katika uhakiki wake wimbo wa taarab hupimwa kama ushairi kamili: fumbo lake, ala zake, na hadhira inayojua nani karushiwa kijembe. Hiyo ni heshima kubwa kwa sanaa ya Unguja. Ila nathari aliitungia kitabu kwa Kiswahili, *Kunga za Nathari ya Kiswahili* (1995), ilhali makala yake mashuhuri juu ya taarab ni ya Kiingereza. Basi wapenzi wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoasisiwa Mji Mkongwe mwaka 1905, huchambuliwa wasijisome. Mgeni keshaelezwa, mwenyeji angali anangoja. Kunga za taarab nazo zastahiki Kiswahili.