Mikono Inayozijua Kona za Kitonga

Basi la kutoka Mbeya likishaipita Ilula, mimi huacha kila kitu na kumtazama dereva. Mbele yetu ni Kitonga: barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, mwamba upande huu, korongo upande ule, na kona zinazofuatana hadi chini.

Kabla ya kona ameshapunguza mwendo. Amerudi gia ya chini mapema, injini inalizuia gari, na breki anazigusa na kuziachia zisije zikapata moto. Akiwa ndani ya kona hakanyagi kwa ghafla. Usukani anaukunja taratibu, anaurudisha taratibu. Chupa ya maji ya mama wa kiti cha pili inateleza kidogo sakafuni, kisha inatulia.

Nini kimeisukuma? Sisi tuliomo ndani tutasema ipo kani inayotupa vitu nje ya kona. Mabega yetu yameihisi. Mtu aliyesimama kando ya barabara haioni kani hiyo. Anaona chupa inayotaka kuendelea moja kwa moja, kama kitu chochote kilicho mwendoni, na basi linalogeuka chini yake. Wote tunasema kweli. Kani yetu inatokana na kupima mambo tukiwa ndani ya chombo kinachozunguka; kona ikinyooka, nayo inakwisha.

Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, kwa kilomita 36 kwa saa, abiria anasukumwa kwa moja ya tano ya uzito wake. Ongeza mwendo mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Lori lililorundikwa matenga ya nyanya, uzito wote ukiwa juu, linaweza kupinduka kabla tairi hazijateleza. Tangi la mafuta lililojaa nusu ni gumu zaidi: mafuta yanapanda upande wa nje na kuuhamishia uzito huko huko gari linakolemea.

Dereva wetu hajaandika hesabu yoyote. Anaipima kwa mgongo ulioegemea kiti na viganja vilivyoshika usukani, kona moja baada ya nyingine, miaka nenda rudi.

Tunafika Ruaha Mbuyuni. Mama anaamka, anaokota chupa yake miguuni, anafungua dirisha kuulizia bei ya vitunguu. Kitonga kizima amekipita usingizini.