Kitabu cha jirani yetu

Safari hii tumesoma kitabu cha mwenyeji wa hapahapa Johannesburg. Lauren Segal, mwandaaji wa maonyesho ya makumbusho, alikitoa mwaka 2017 na kukiita Cancer: A Love Story, yaani hadithi ya mapenzi. Ni kumbukumbu za mwanamke aliyeambiwa mara 4 kwamba ana saratani.

Jina lilitukera mwanzoni. Mapenzi gani tena hapo? Lakini kwetu maradhi haya huitwa "tumbo" tu. Mume anajua, mke anajua, na kila mmoja anamficha mwenzake hofu yake. Simu ya nyumbani ikilia, tunajibu hatujambo. Segal hofu yake ameiandika waziwazi.

Tulichokikosa ni kalamu ya mume. Tunamwona kwa macho ya mkewe, na sisi waume tulitaka kujua anayeuguza hulilia wapi. Tena wengi wetu hutegemea hospitali za serikali. Moto wa Aprili 2021 ulipoifunga Charlotte Maxeke, wagonjwa wa saratani walihamishiwa kwingine. Kumbukumbu za wanandoa waliopita hapo, kwa Kiswahili, bado hatujaziona.

Nakala yetu tunaiazima, ila irudi.