Panga Kabla ya Mpango

Ukitaka kujua kambi ya mapumziko ilipangwa na mtu wa aina gani, usiangalie mahema. Angalia visiki. Hema hukunjwa na kubadilishwa kila msimu, lakini kisiki hubaki pale pale kikisema ni nani aliyeingia kwanza kiwanjani: mwenye penseli au mwenye panga. Kwenye kambi nyingi nilizozipitia kutoka Tiwi hadi Msambweni, panga ndo limepanga. Wiki ya kwanza kichaka kinafyekwa, wiki ya pili mwenye kiwanja anatafuta kivuli akae afikirie mahema yataenda wapi. Kivuli chenyewe sa ashakikata.

Kwa kawaida mimi huhakiki vitabu na filamu. Nimeileta kambi hapa kwa sababu nayo inasomeka. Kuna aliyeiandika, kuna alichokifuta, na kuna msomaji anayeelekezwa apite wapi, aone nini, asione nini. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo cheti cha usanifu wa mandhari sina. Nina miguu, na nina miaka mitatu ya kuandika matangazo ya kambi na vyumba vya wageni, malipo kwa neno.

Mmoja wa walionipa kazi, ambaye jina lake halina haja hapa, alitaka neno "msitu" litokee katika kila aya. Nikazunguka kiwanja nikihesabu. Minazi sita, mivinje minne, na nyasi za kupandwa zilizokuwa zikinyweshwa maji ya boza. Hiyo ndo fasheni ya sasa: changarawe nyeupe, taa za nyuzi, bembea ya kupigia picha, mahema yamepangwa mstari mmoja kama wanafunzi paredi, na ukuta. Ukilala kambi tatu tofauti, asubuhi ya nne hujui uko ipi.

Mvinje wenyewe sina ugomvi nao. Hukua upesi, na kusi ikivuma hulia vizuri. Lakini sindano zake zikidondoka hutandika zulia zito, na chini yake hapaoti kitu kingi. Muarobaini nao, pamoja na sifa zake zote za dawa, husambaa ndani ya misitu ya Pwani na kuibana miti ya kienyeji. Kwa hivyo anayekata mbambakofi na mkwaju apande mivinje na miarobaini hajapamba mahali. Ameondoa hadithi ndefu akaweka tangazo fupi.

Na hadithi yenyewe ilikuwa na wahusika. Msitu wa Diani umeota juu ya mwamba wa matumbawe, na umebaki vipande vipande kati ya hoteli na nyumba za kifahari. Mbega huishi juu, tawi hadi tawi, akila majani. Tawi likikosekana hushuka chini, na chini kuna barabara. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ya Diani ili mbega wavuke bila kugongwa. Wageni huyapiga picha wakisema ni ya kupendeza. Ni kweli, yanapendeza, ila kila daraja linaonyesha pia mahali ambapo matawi hayakutani tena.

Kwamba kambi inaweza kuua kile watu walichokuja kukiona si habari mpya. Mwaka 1932 huko Marekani, Emilio Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, aliandika mwongozo wa kupanga kambi katika misitu ya serikali. Alikuwa amechunguza miti mikubwa ya redwood kule California, akaona inaumia pale pale ambapo watalii wanaipenda zaidi. Hakuna aliyeipiga shoka. Ni magari na nyayo: udongo ukikandamizwa, mizizi hukosa hewa na maji. Dawa yake ilikuwa rahisi. Barabara ya mzunguko inayokwenda upande mmoja, kila hema na mahali pake pa kuegesha gari, moto na meza visihamishwe ovyo, na mawe au magogo yamzuie dereva kusogea zaidi. Kambi nyingi duniani hadi leo zinafuata mzunguko huo bila kujua ulitoka wapi.

Sasa mlete Meinecke Diani. Udongo hapa ni mwembamba, chini yake ni jiwe, na mizizi mingi hutambaa karibu na juu. Halafu Ijumaa jioni Prado tano kutoka Nairobi zinaingia, na zote zinataka kivuli cha mkwaju mmoja. Hakuna gogo, hakuna jiwe, hakuna wa kusema "egesha pale." Mkwaju haufi wiki hiyo. Unakauka ncha, unapunguza majani, na baada ya miaka kadhaa mwenye kambi anasema ulikuwa mzee.

Jiwe hilo hilo lina matundu. Ukichimba choo cha shimo karibu na kisima, unachokificha kinaweza kurudi jikoni. Ukivuta maji mengi ya kisima kwa ajili ya nyasi, bahari inasogea chini kwa chini na maji yanageuka ya chumvi, kwako na kwa jirani. Na zile taa za nyuzi zikielekezwa ufukweni, vitoto vya kasa, ambavyo hufuata mwanga kutafuta bahari, huelekea kwenye baa. Mambo haya mgeni hayaoni, ndo maana nasema ndiyo kipimo halisi cha mpangaji.

Je, kuna aliyepanga vizuri huku kwetu? Yupo, na hakusubiri mshauri. Nenda Kaya Kinondo, kusini kidogo ya Diani. Simaanishi mtu akapige hema kayani, hilo lisifikiriwe kabisa. Nasema ukapite ukajifunze. Ni msitu wa takriban hekta 30, mtakatifu kwa Wadigo, na ni kati ya makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni huvishwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, na hatoki na chochote, hata jani. Njia ni nyembamba. Ikifika kwenye mti, ni njia inayopinda. Mti haupindi. Ndani ya masharti hayo mna kila kitu kinachofundishwa darasani: idadi ya watu, mwelekeo wao, mipaka yao, na nani mwenye kauli ya mwisho.

Au shuka hadi Gazi, kabla ya Msambweni. Akina mama wa pale wana njia ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya mikoko. Maji yanajaa na kupwa chini ya miguu yako, kaa wanaendelea na shughuli zao, na mizizi haikanyagwi. Katika ghuba hiyo hiyo kuna Mikoko Pamoja, mradi ulioanza kuuza hewa ya ukaa mwaka 2013, na mapato yake yamesaidia maji na shule za Gazi na Makongeni. Hapo mandhari haijapambwa hata kidogo. Kilichopangwa ni mahali pa kuweka mguu, basi.

Najua jibu la wenye kambi, nimelisikia mara nyingi. Mgeni analipia bahari, si kichaka. Kichaka kina nyoka, na tumbili wanaiba mkate. Na kambi zinaleta kazi, vijana wa Ukunda wanakula hapo. Hili la kazi silidharau, maana hata mimi ninakula hapo. Ila kambi isiyo na kivuli ni tupu ifikapo saa tano asubuhi wakati wa kaskazi. Wageni wanahamia kwenye baa ya jirani yenye mwembe, na bili ya boza inabaki yako. Kivuli si pambo. Ndicho unachokiuza.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko miti. Katika miaka ya 1990, wakulima wa upande wa Mwaluganje waliweka pamoja ardhi yao ikawa hifadhi, ili ndovu waendelee kupita kati ya huko na Shimba Hills. Haikuwa rahisi, na mtu aliyewahi kuishi jirani na ndovu anajua gharama yake. Walikubali wazo gumu kwamba kuna waliokuwa wakipita hapa kabla ya hati ya ardhi. Shuka sasa ufukweni. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Sawa, ni ya umma, utaifikaje? Kijia kilichokuwa kikipita kati ya viwanja viwili kimezibwa na ukuta wa kambi, kikapandwa bogonvilia juu. Mvuvi mwenye nyavu begani anazunguka hadi njia inayofuata. Ndovu ameachiwa njia, mvuvi amejengewa ukuta.

Na ukuta huo kwenye mchoro huitwa "faragha." Msanifu akiweka njia ya umma ya mita tatu pembeni mwa kiwanja, na ua wa miti ya kienyeji kati yake na mahema, mgeni atalala na mvuvi atapita. Gharama yake ni mita tatu. Kukataa kuzitoa ni uamuzi wa usanifu, na unastahili kuhakikiwa kama uamuzi mwingine wowote.

Kwa hivyo kabla hujalipia wikendi yako, wapigie simu uwaulize mambo matatu. Mlikuta miti gani, na mingapi imebaki? Maji yenu machafu yanaenda wapi? Watu wa kijiji wanapitia wapi kwenda baharini? Wakikujibu la kwanza kwa kutaja "msitu wa asili," uliza idadi. Wakisita kwenye la tatu, tayari wamekujibu.