Wachoraji wa Kiwanda Kimoja

Wako watu ambao, wakilisikia jina la Tingatinga, hudhani ya kuwa picha hizo zimeitwa hivyo kwa ile mashine ya kulimia. Sivyo. Ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora. Alichukua mbao nyembamba za mraba na rangi ya kupakia baiskeli, vitu vya bei ndogo. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mwivi. Basi kazi yake yote haizidi miaka minne hivi.

Ukizitazama picha zake mwenyewe, utaona kwamba ni chache za maneno. Nyuma pana rangi moja tu. Hapana upeo wa nchi, wala kivuli. Mnyama mmoja huujaza ubao mpaka miguu na mkia vyakaribia ukingo, naye hukutazama kana kwamba wewe ndiwe uliyeingia kwake. Mtu aliyefundishwa kuchora vyuoni huenda akasema miguu haikupimwa vema. Ni kweli, wala sioni ya kuwa imeharibu kitu.

Alipokuwa hai aliwafundisha jamaa na rafiki zake, kama January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia, na baada ya kufa kwake kazi haikukoma. Walichora karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, wameketi pamoja, na picha zilizokwisha zikatundikwa hapo hapo ili mpita njia azione. Mwaka 1990 wakafanya chama cha ushirika. Hapo ndipo lilipotokea shauri kubwa: ndege wa mmoja huonekana kesho katika ubao wa jirani yake. Wengi huita jambo hilo wizi.

Mimi nami nalikuwa na neno hilo. Mwaka mmoja nalimkemea kijana darasani kwa sababu alinakili twiga wa mwenzake, akanijibu kwa adabu, “Mwalimu, nalikuwa najifunza shingo.” Sikuwa na jibu. Lugha yetu yampa mtu wa namna hii jina la heshima, mwanagenzi, na kazi ya mwanagenzi ni kuufuata mkono wa fundi. Seremala hamlaumu mwanagenzi kwa kuchonga mlango kama wake.

Lakini mwanagenzi hutazamiwa siku moja kuwa fundi, nalo ndilo shaka langu. Mnunuzi mgeni ataka kile alichokiona nyumbani kwa rafiki yake, na mwenye watoto wa kulisha humpa. Hivyo wanyama wameongezeka ubaoni, na mlima Kilimanjaro umewekwa nyuma yao. Nukta za rangi, ambazo kwa Tingatinga zilikuwa ngozi ya chui, zimekuwa pambo la kujazia nafasi. Wa kulaumiwa kwanza ni sisi wanunuzi.

Hata hivyo, safari moja nalitazama mbao mbili za ndege wale wale, zimetundikwa bega kwa bega. Katika moja shingo zilikuwa kama kamba. Katika ya pili, ndege wa mwisho alikuwa amegeuza kichwa, na wenziwe wote wamtazama yeye. Nikainunua ile ya pili, na jina lililoandikwa pembeni nalikuwa sijapata kulisikia.