Mlinganyo si Amri: Kuhusu Istilahi za Lugha za Kuundia Modeli

Upungufu wa istilahi za kompyuta mara nyingi huelezwa kuwa ni uhaba wa maneno. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba, katika tawi moja la taaluma hiyo, neno tunalo. Kasoro ni kulitumia bila kupima maana yake.

Tawi hilo ni la lugha za kuundia modeli kwa milinganyo. Humo mhandisi huandika uhusiano uliopo baina ya sehemu za mtambo, na kompyuta hutafuta majibu. Hilding Elmqvist aliieleza lugha ya namna hiyo, Dymola, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, mwaka 1978. Modelica, iliyo mashuhuri zaidi leo, ilitolewa mwaka 1997.

Utata unaanzia kwenye alama ya =, ambayo Robert Recorde aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1557 kuonyesha kuwa pande mbili ni sawa. Fortran ya mwaka 1957 iliigeuza kuwa amri. Humo x = x + 1, ambayo kwa mwalimu wa hesabu ni upuuzi, ina maana ya kuchukua thamani ya x, kuiongeza moja na kuirudisha mahali pake. Modelica imetenganisha mambo haya: = ni ya mlinganyo, := ni ya amri. Mfasiri anayeandika “ni sawa na” kwa alama zote mbili anafuta tofauti iliyowekwa kwa makusudi.

Madhara yake si madogo. Tuchukue v = R × i, yaani volteji ni ukinzani mara mkondo. Ukinzani ukiwa omu 5 na mkondo ampea 2, volteji ni 10. Tukipewa volteji 10, mlinganyo uleule hutupatia mkondo wa ampea 2. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa hiyo ni amri ataongeza mstari wa pili, i = v / R, ili apate mkondo. Hapo milinganyo itazidi idadi ya vigeu visivyojulikana, na modeli itakataliwa. Atahangaika pia kutafuta mstari upi utangulie, ilhali mpangilio wa milinganyo haubadili jibu.

Kiswahili kinaweza kumwepusha na kosa hilo. Kulingana, kama kusaidiana na kupatana, kuna kiambishi -an- cha kutendana: hakuna mtenda wala mtendwa, pande zote zina hadhi moja. Hiyo ndiyo dhana yenyewe ya mlinganyo. Amri, kinyume chake, huelekea upande mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza “mlinganyo” libaki kwa = ya Modelica, isomwe “inalingana na”; na := iitwe “uwekaji”, isomwe “weka katika”. Huenda ikasemwa kwamba “uwekaji” ni neno la kawaida mno kuwa istilahi. Lakini “mkondo” nao ulikuwa wa maji kabla ya kuwa wa umeme. Istilahi haihitaji ugeni. Inahitaji kutumiwa kwa maana moja, darasani na katika vitabu, bila kuyumba.