Mifereji ya Mirihi: Kosa la Tafsiri Tunalolirithi

Muhula uliopita wanafunzi wa mwaka wa pili walipewa kutafsiri aya moja kuhusu sayari ya Mirihi. Karibu wote waliandika "mifereji ya Mirihi", nami nikawapa alama zote. Baadaye nikajiuliza kama si mimi niliyestahili kukatwa alama.

Chanzo ni ramani ambayo Giovanni Schiaparelli, mwanaastronomia wa Milano, alianza kuichora mwaka 1877. Mistari aliyoiona kwa darubini aliiita canali. Kwa Kiitaliano neno hilo laweza kuwa mkondo wa asili au mtaro uliochimbwa. Kiingereza hutenganisha mambo hayo mawili, na wafasiri wakachukua lile la kuchimbwa. Percival Lowell wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1895, akadai kwamba viumbe wenye akili ndio walioichimba ili kumwagilia nchi yao kavu. Sisemi tafsiri pekee ndiyo iliyomponza Lowell, lakini ilimfungulia mlango. Mwaka 1965 picha za chombo cha Mariner 4 zilionyesha kreta, mitaro haikuwapo.

Sasa tutazame lugha yetu. Mfereji huchimbwa na mtu. Nairobi hata bomba la maji huitwa mfereji! Kwa hiyo tukiandika "mifereji" tumemfasiri Lowell, si Schiaparelli. Mimi naona "mikondo" ingefaa zaidi, maana ina maji lakini haina jembe.

Ramani yenyewe, kwa upande wa majina, ni kazi nzuri. Richard Proctor, katika ramani yake ya mwaka 1867, alikuwa ametumia majina ya wanaastronomia, wengi wao Waingereza, na wengine hawakupendezwa. Schiaparelli alikimbilia jiografia ya kale: Hellas, Arabia, Libya, Elysium. Ni kweli kwamba Afrika yake ni ile tu waliyoijua Wagiriki na Warumi. Hata hivyo, majina hayo yamedumu hata pale maana yake ilipopotea. Syrtis Major ni jina la kale la ghuba ya pwani ya Libya. Schiaparelli alilipa eneo jeusi lililodhaniwa kuwa bahari. Leo twajua kuwa ni mlima wa volkeno uliotandaa. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukaliacha jina, ukaongeza neno Planum.

Hapo ndipo wanafunzi wetu hujikwaa. Jina lenyewe liachwe lilivyo; kinachofasiriwa ni neno la aina: Planum iwe "uwanda wa juu", Planitia iwe "uwanda wa chini". "Tambarare", waliyoitumia wengi kwa yote mawili, haitoshi. Hellas Planitia ni shimo lenye upana wa kilomita zipatazo 2,300 na kina cha kilomita zaidi ya 7, na msomaji wa "Tambarare ya Hellas" hawezi kulihisi shimo hilo.

Karatasi zile zimekwisha kurudishwa, na alama sitazibadili. Zoezi litarudiwa muhula huu.