Jicho Linalosikia

Nyimbo nyingi ninazozipenda zilinifikia kwanza kupitia macho, masikio yakafuata. Wapo wanaoamini kwamba video ni pambo tu la wimbo, na kwamba msikilizaji wa kweli hufumba macho. Mimi naamini kinyume. Video iliyotengenezwa na fundi ni kazi ya mtu aliyeusikiliza wimbo kwa niaba yangu. Ameurudia na kuurudia mpaka akajua ngoma inapumua wapi, kisha pale pale akaniwekea mguu, bega au uso wa mtu, ili nami nisipite bila kusikia. Ufundi huo ndio ninaotaka kuusifu, na nausifu nikiwa Naguru, kilima cha hapa Kampala, kwa sababu hapa unaonekana wote, kuanzia kileleni hadi chini bondeni.

Juu, kwenye barabara ya Summit View, ndiko iliko Next Media Park, yenye studio za televisheni ya NBS. Televisheni hiyo ndiyo iliyokijengea jina kipindi cha NBS After 5, kikiongozwa na Douglas Lwanga na MC Kats, kwa ajili ya saa ile ya jioni ambayo watu wanatoka kazini na wanafunzi wamevua sare. Chini ni Go-Down, mtaa wa vyumba vya mabati vilivyobanana, saluni, vinyozi na vijana wanaokaanga rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kando ya njia. Wimbo ukipata video nzuri, utausikia Go-Down ukitoka milango mitatu kwa mara moja, na mbele ya kila mlango utakuta mtoto anayejifunza staili yake huku macho yamekwama kwenye runinga ya mwenye duka. Naguru pia ina makao makuu ya polisi na kambi ya familia zao, na kambi hiyo ndiyo inayonifanya mimi Mswahili nijisikie niko kwetu. Nikipita getini nasalimia, “Shikamoo, afande,” na najibiwa “Marahaba” bila mtu kushangaa.

Nje ya geti mambo hubadilika. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini katiba haiwezi kumwamuru mtu akipende. Watu wazima wengi wa Kampala walikizoea kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mwenye bunduki. Katika miaka ya 1970 Naguru hii hii ilikuwa makao ya Public Safety Unit, kikosi cha Idi Amin, na wengi waliochukuliwa nacho hawakurudi. Mzazi aliyepitia siku hizo akisikia Kiswahili cha amri, mwili unakumbuka kabla ya akili. Sina haki ya kumlaumu.

Ndiyo maana Jose Chameleone namwona mkubwa kuliko umaarufu wake. Joseph Mayanja, kwa jina la wazazi wake, alijulikana mapema kwa “Mama Mia”, kazi aliyoifanya Nairobi na Ogopa DJs, na tangu hapo ameimba akichanganya Kiswahili na Kiganda bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Zikaja “Jamila” na “Shida za Dunia”. Kisha Radio na Weasel wakatoka na “Nakudata”, na Juliana Kanyomozi akaimba “Usiende Mbali” pamoja na Bushoke wa Tanzania. Redio iliwapa watu wa Kampala sauti hizo, lakini naamini ni video iliyomaliza kazi. Kwenye skrini waliuona mdomo unaosema Kiswahili ukibembeleza. Waliona macho ya mtu anayesema Kiswahili yakilia mapenzi. Fundi aliyeisogeza kamera mpaka uso ukajaa skrini nzima alikuwa anaitenganisha lugha na bunduki, awe alijua au hakujua. Kuna mama mwenye saluni hapa Go-Down ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiganda, kwa heshima zote, “Kale, ssebo.” Ikipigwa “Jamila”, anaimba kiitikio chote kwa Kiswahili huku anasuka, na mikono yake haikosei mstari.

Nami nina deni kama lake. Kihaya sikijui, lakini Saida Karoli aliponijia na “Maria Salome” miaka ya mwanzo ya 2000, nilihisi nimeelezwa kila kitu. Kilichonieleza ni mabega. Zilinieleza pia zile nyayo zinazokanyaga ardhi kwa uzito huku kichwa kimetulia, na sauti yake iliyopanda juu ya ngoma bila kuharakishwa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliurudia wimbo huo kwa jina la “Salome”, kwa fedha nyingi zaidi na mavazi ya kupendeza. Niliifurahia video yao, kisha nikajikuta nimerudi kwenye ile ya kwanza, maana ile ilimpa mchezaji muda. Mguu ulianza safari na ukafika, na sisi tukiutazama njia nzima.

Muda huo wa mguu kufika ndio ulioipeleka Kampala duniani. Mwaka 2014 Eddy Kenzo, kijana aliyelelewa na mitaa, alikuwa na wimbo uitwao “Sitya Loss”, maana yake siogopi hasara. Watoto waliocheza katika video yake walikuwa wakilelewa na kufundishwa na Daouda Kavuma, mwalimu wa hesabu ambaye naye utotoni aliwahi kuishi mitaani. Hakuna jumba la kifahari mle, wala gari la kukodi. Kuna udongo mwekundu, mwanga wa mchana na watoto. Itazame tena kwa makini uone jinsi kamera ilivyojishusha. Iko karibu na kimo cha watoto, haiwatazami kutoka juu. Mwili unaonekana mzima, unyayo hadi utosi, kwa hiyo hakuna hatua inayopotea. Mtoto anaitazama lenzi moja kwa moja, bila kuogopa na bila kuomba kitu. Kila ninapoitazama nahisi kifua kinapanuka, na nimejua sababu: aliyekuwa nyuma ya kamera aliwaheshimu. Aliona kwamba wimbo tayari umo ndani ya miili ile, akaupisha.

Yaliyofuata yanajulikana. Kenzo alipata tuzo ya BET ya Marekani mwaka 2015. Mwaka 2017 rapa French Montana alikuja Kampala kushuti “Unforgettable” na watoto hao, wanaojulikana kama Ghetto Kids, na mwaka huohuo wakacheza kwenye jukwaa la BET huko Los Angeles. Mwaka 2023 walifika fainali ya Britain's Got Talent. Mmoja wao, Alex Ssempijja, hakuwa nao katika safari hizo. Alifariki mwaka 2015 baada ya ajali ya baiskeli, akiwa bado mtoto. Ndani ya video angali anacheza. Kwa sababu hiyo peke yake nisingeruhusu mtu aniambie kwamba kazi hii ni ya kupita.

Nilipotaka kuona kazi yenyewe inavyofanywa, nilikaribishwa na kijana mmoja anayehariri video katika chumba kimoja karibu na kambi. Amezaliwa kambini, Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi na kinyoofu. Mezani ana kompyuta moja, spika mbili na feni. Akafungua wimbo ukatokea kama mstari wenye vilima na mabonde, kila kilima ni pigo la ngoma. “Mzee, usiangalie picha kwanza,” akaniambia. “Sikiliza mguu wa yule dada.” Nikasikiliza. Akaicheza tena, safari hii mkato ukiwa fremu tatu nyuma ya pigo. Sikuweza kusema nini kimeharibika, ila mchezaji alionekana amechoka ghafla. Akaurudisha mkato mahali pake na yule dada akawa mwepesi tena, ingawa picha ni ileile na mguu ni uleule.

Akanifanyia hesabu. Video zake zina fremu 25 kwa sekunde. Wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika una fremu 15 tu kati ya pigo na pigo. Ndani ya fremu hizo ndimo mhariri anamokaa usiku kucha. Akikata sawasawa juu ya kila pigo, video inakuwa kwata ya askari, na mtazamaji anachoka mapema. Akikata ovyo, wimbo unaparaganyika. Picha na sauti ni wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja: mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, na mmoja akikosea, wote wawili wanasikia mikononi. Kwa hiyo kijana huyu hukata mara nyingine juu ya ngoma, mara nyingine juu ya pumzi ya mwimbaji, na mara nyingine hakati kabisa, akamwachia mchezaji mistari minne mizima.

Akanionyesha pia siri ya mwendo wa polepole, ule ambapo nguo na vumbi vinaelea hewani lakini midomo inaimba sawasawa na wimbo. Siku ya kushuti, wimbo hupigwa kwenye spika kwa kasi maradufu, na mwimbaji inambidi auimbe wimbo wake mwenyewe kwa kasi hiyo bila kubana uso. Kamera hunasa fremu 50 kwa sekunde. Zikichezwa kwa fremu 25 kwa sekunde, midomo inalingana na wimbo halisi, huku kila kitu kingine kimepungua kasi kwa nusu. Nikaona picha ghafi: msichana akiimba mbio mbio, shingo imekaza, jasho linamtoka. Kisha nikaona iliyokamilika: malkia anayegeuka taratibu, na vumbi la Naguru linamzunguka likikataa kutua. Uzuri ule wote umetoka kwenye mbio zile, na mwenye kuutazama nyumbani hatajua.

Kila mji wa kwetu una mafundi wa aina hii. Kampala ina Sasha Vybz na Jah Live. Dar es Salaam ina Adam Juma, aliyeifungulia njia video ya Bongo Fleva, na Hanscana aliyekuja baada yake. Nairobi, mwaka 2010, kundi la Just A Band walitoa wimbo “Ha-He”, wakaupa shujaa aitwaye Makmende, mwenye kitambaa kichwani, katika picha za rangi ya filamu za miaka ya 1970. Kabla ya video nilisikia mashine. Baada ya video nilisikia hatua za mtu anayetembea bila haraka kwenda kupigana, na mpaka leo wimbo ule ukianza mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Tusimsahau mwalimu wa dansi, kwa maana bila yeye kamera haina cha kusikiliza. Watoto wa Go-Down wanaojifunza staili mbele ya saluni hawaichukui kama walivyoipokea. Wanaipunguza hapa, wanaiongeza pale, na ukitazama viuno vyao utaona bakisimba na nankasa: kiuno kinafanya kazi yote, nyayo zinachapa hatua fupi fupi, na kifua kimetulia kwa adabu. Huo ni ujuzi wa ngoma za Buganda uliopita kwa bibi na shangazi kwenye maharusi, ukaingia kwenye suruali ya jinzi. Mwongozaji mwenye busara huja kutazama barazani kabla ya kuandika mpango wake wa picha. Staili inashuka kilima kupitia runinga, inapanda tena ikiwa imebadilika, na hakuna anayeweza kudai ni yake peke yake.

Lakini jina lina mwenyewe, na hapa nina ombi. Tunasema “video ya Chameleone”, “video ya Kenzo”, na ni sawa, wimbo ni wao. Jina la mwongozaji hupita pembeni mwa skrini kwa sekunde chache. La mhariri na la mwalimu wa dansi mara nyingi halipiti kabisa. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, nayo inatambua kwamba mtendaji wa sanaa ana haki zake. Sheria hiyo itapata nguvu siku watangazaji watakapowataja waliotengeneza video kabla ya kuirusha, na siku msanii anayelipia mavazi na gari atakapomlipa kwanza aliyekesha kwenye zile fremu 15.

Sisi watazamaji nasi tuna sehemu yetu. Chukua video unayoipenda, uitazame mara moja bila sauti. Ukiona ngoma bado inapiga, ujue umekutana na fundi. Subiri mwisho, usome jina lake, ulitaje mbele za watu. Aliyetuonyesha wimbo ametufundisha kuusikia, na mwalimu huitwa kwa jina lake.